Chachu ya Tangi la Nne

Baba hakuwa mtu wa kunipigia simu saa za kazi. Aliamini kwamba mtu akionekana na simu kiwandani atafukuzwa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo. Asubuhi ile alipiga mara tatu. Mara ya tatu nikavua glavu, nikatoka nje ya chumba cha matangi, nikapokea.

"Twilumba," akasema bila hata salamu, "mianzi imelala."

"Imelala vipi, Baba? Ni upepo?"

"Upepo upi? Njoo uone kwa macho yako."

Kutoka kiwanda cha Itundwe hadi nyumbani ni saa nzima kwa pikipiki ya betri, na nusu ya njia ni mlima. Nilikwenda nikinung'unika. Tangu mama afariki, Baba alikuwa hodari wa kuniita kwa visababu: bati limelegea, ng'ombe wa jirani kaingia bustanini, dawa za macho zimeisha na kumbe chupa imejaa. Nikajua na hili ni mojawapo.

Halikuwa mojawapo. Shamba letu la mianzi ya ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, liko nyuma ya nyumba, vichaka thelathini na kitu vikishuka hadi kwenye mahindi. Kila mwanzi uliokuwa unagemwa ulikuwa umepinda katikati na kuinamisha ncha yake chini, na kile kibuyu cha mwanzi cha kukingia utomvu, ambacho sisi tunakiita mbeta, kilikuwa bado kinaning'inia pale pale kwenye ncha. Baba alisimama katikati yake na kisu chake cha kugemea mkononi, amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene. Shika huu."

Niliushika mwanzi aliounyooshea kidole. Mwanzi hai ni kitu kigumu. Ukiupiga panga vibaya panga linarudi. Nikabonyeza kwa dole gumba na dole likaingia ndani, kama kwenye kiazi kilichochemshwa. Utomvu mweupe ukanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Nikaunusa mkono wangu, na harufu ile naifahamu. Nimeinusa kila siku ya kazi kwa miaka mitatu.

"Ni ugonjwa gani huu?" Baba akauliza. "Wewe ndiye msomi."

"Sijui, Baba," nikasema.

Nilijua.

*

Ili mtu aelewe nilichokijua, lazima aelewe tulikuwa tunakula nini.

Mwaka ule ulikuwa wa sita tangu kutu nyeupe iingie kwenye mahindi ya nyanda za juu. Mahindi yalikuwa yanaota vizuri, yanarefuka, yanakupa matumaini, halafu yakifika kutoa mbelewele yanasimama. Mabua tu, shamba baada ya shamba, na hakuna hindi hata moja. Serikali ikajenga viwanda vya kugeuza mabua kuwa chakula, na Itundwe kikawa kimojawapo. Tulikuwa na matangi manne na tulitoa vikombe elfu sitini vya uji kila siku. Watoto wadogo wa tarafa yetu walikuwa hawaujui ugali. Ukiwaambia ugali wanadhani unawahadithia mambo ya kale.

Bua limejengwa kama nguzo ya zege. Selulosi ndiyo nondo zake na lignini ndiyo saruji. Lakini nondo hazikai mahali pake bila kufungwa kwa waya, na waya wa mmea ni kitu kinachoitwa zailani: mnyororo mrefu wa sukari, wenye vijitawi ubavuni vinavyoushikiza kwenye saruji. Robo nzima ya bua kavu ni zailani. Ni sukari tupu, na tumbo la mtu haliwezi kuifungua kwa sababu halina mkasi wa kuikata. Ng'ombe anao, kwa hisani ya wadudu wanaoishi tumboni mwake. Sisi tulichukua mikasi ile, yaani vimeng'enya, tukaipandikiza kwenye chachu. Chachu ikakata waya, sukari ikatoka, tukapika uji.

Matangi matatu ya kwanza yalikuwa na chachu hiyo ya kawaida. Tangi la nne lilikuwa na habari yake. Mabua yalipopungua, pwani wakaanza kutuletea mwani mkavu, na zailani ya mwani imefungwa kwa vifundo vya namna nyingine. Baadhi ya mwani hauna hata selulosi. Hiyo zailani ndiyo nondo, ndiyo kila kitu. Mkasi wa ng'ombe unaitazama tu. Kwa hiyo chachu ya tangi la nne tuliipa mkasi wa pili wa kufyeka vijitawi, na wa tatu uliotoka kwa kijidudu cha baharini. Ilikuwa chachu kali kuliko zote. Nilishiriki kuitengeneza na nilijivunia.

Chachu zote zilikuwa na kufuli. Haziwezi kuishi bila kirutubisho fulani ambacho sisi wenyewe tulizipimia ndani ya tangi. Tulizijaribu kwenye maji ya mto, kwenye udongo, kwenye mavi ya ng'ombe, kwenye choo cha shimo. Kote huko zilikufa ndani ya siku mbili. Hakuna aliyefikiria kuzijaribu kwenye mbeta chafu, kwa sababu wataalamu walioandika orodha ya majaribio walikuwa hawajawahi kuonja ulanzi maishani mwao. Mimi nimekulia ndani yake, na sikufikiria pia. Hilo bado linaniuma.

*

Mbeta haioshwi. Mtoto yeyote wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kusoma. Ule utando mweusi uliogandia ndani ndio chachu. Utomvu ukidondokea humo unaanza kuchemka wenyewe. Chachu ya nyumbani kwetu ilikuwa ya mama. Alikuja nayo kutoka kwao siku alipoolewa, ndani ya mbeta moja, na kutoka hiyo moja zikaja nyingine zote. Mtu akiishiwa chachu anaenda kwa jirani kuomba, na haijawahi kutokea mtu akanyimwa.

Wiki ya Pasaka nilikwenda nyumbani kwa siku nne. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kwenye chumba ambako tunafuta hadi vitasa vya mlango, na nikaziona zile mbeta zimejaa nzi na weusi. Nikasema baba yangu hawezi kuishi hivi. Baba alikuwa ameenda kanisani. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni na brashi, nikaziosha mbeta zote arobaini mpaka zikang'aa, nikazianika juani kwa safu. Mtu mzima mwenye shahada mbili.

Baba aliporudi alizitazama muda mrefu. Hakunigombeza. Alizifunga tena kwenye mianzi moja moja. Siku ya tatu utomvu ulikuwa bado mtamu kama juisi ya watoto, haujaumuka hata kidogo, na wakati tunakula ndipo aliposema, "Mkono wa mama yako ulikuwa mle."

Nililia usiku ule kama mtoto. Nilirudi kazini, na Jumamosi iliyofuata nikapanda tena mlima na kichupa kidogo mfukoni. Nilikuwa nimechota kwenye tangi la nne, kwa sababu nilitaka kumpa iliyo bora. Kuitoa chachu kiwandani ni kosa la jela, na nilikuwa nimetia sahihi kwamba nimelielewa. Lakini nilijiambia kufuli lipo. Itafanya kazi siku mbili, itakufa, na kufikia hapo chachu za porini zitakuwa zimerudi zenyewe kwenye mbeta. Nikamwambia Baba nimeomba kwa rafiki yangu wa kijiji cha pili. Nikatia tone moja moja. Jioni mbeta zikatoa povu.

Chachu za porini zilirudi kweli. Kumbe zenyewe zinatengeneza kile kirutubisho chetu na kukivujisha ovyo kwenye utomvu. Kufuli tulilolitengeneza kwa miaka miwili lilifunguliwa na uchafu wa mbeta, na mbeta inaning'inizwa pale pale kwenye kidonda cha mwanzi, mahali mgemaji anapokata ncha asubuhi na jioni.

*

Siku tano nilikaa na jambo hilo bila kumwambia mtu.

Nilipima kipande cha mwanzi mwenyewe, nikiwa nimefunga mlango. Selulosi ilikuwa nzima, lignini nzima, zailani hakuna. Nondo na saruji zimesimama, waya umekatwa wote. Kisha nikafanya jaribio ambalo sikutaka jibu lake. Nilichukua mche wa hindi, wa ile mbegu mpya isiyoshikwa na kutu ambayo tarafa nzima ilikuwa imeipanda msimu ule, nikautia tone la utomvu wa mwanzi. Haukudhurika. Nikachukua mwingine wenye tundu la funza, nikautia tone hilo hilo. Siku ya nne ulilala.

Nani amewahi kuona shamba la mahindi lisilo na funza?

Sababu za kukaa kimya zilikuwa nyingi na zote zilionekana nzuri. Nikisema, tangi la nne litafungwa, na linalisha watu elfu ishirini na saba. Nikisema, nitafungwa mimi, na mimi ndiye ninayeijua chachu ile kuliko mtu yeyote, kwa hiyo nani atatafuta dawa? Nilijipa siku moja ya kutafuta dawa, halafu nyingine. Ngano ina kizuizi chake cha asili cha kuzuia mkasi. Nilikamua pumba zake nikajaribu. Mkasi wa ng'ombe ulifungwa pale pale. Ule wa baharini haukushtuka. Ngano na kijidudu cha baharini hawajawahi kukutana tangu dunia iumbwe, ngano ingejifunzia wapi kujikinga naye?

Nilikuwa sili, silali. Na kila nikifumba macho ninayaona mahindi ya Baba, yamefika magotini, hatua chache chini ya mianzi.

*

Siku ya sita Baba alinipigia tena. "Kuna mgeni wa serikali hapa," akasema. "Njoo."

Nilimkuta mkaguzi amekaa kwenye kiti cha uvivu barazani, mtu wa makamo, mpole, jina lake Nkwabi. Alitoka kwenye mamlaka inayosimamia viumbe vya kutengenezwa. Miguuni pake palikuwa na kipimo chake, kijisanduku cha kijivu. Mama Nyagawa, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, alikuwa ameketi kwenye mkeka; ndiye aliyekwenda kwa mtendaji wa kata kutoa taarifa baada ya mianzi yake nayo kulala. Alikuwa analea wajukuu wanne, na wote walikuwa watoto wa uji.

"Dada Twilumba," mkaguzi akasema baada ya salamu, "sitazunguka. Kipimo changu kimeona alama ya kiwanda chenu kwenye mianzi hii. Hakinionyeshi ni ya tangi lipi, hilo lazima sampuli iende maabara Morogoro, na majibu ni siku kumi. Lakini mzee hapa ameshanisaidia."

Nikamtazama Baba. Hakunitazama.

"Niliichukua mimi," Baba akasema, anaongea na mkaguzi. "Nilikwenda kumtembelea binti yangu baada ya Pasaka. Nyuma ya kiwanda kuna mfereji wa maji machafu. Nikachota kwenye chupa, nikaja kutia kwenye mbeta. Mtoto hakujua lolote. Mimi ni mzee wa kijijini, sikujua kama ni kosa."

Alisema vizuri, polepole, na uso wa mjinga ambao sikuwahi kumwona nao. Nikaelewa kwamba alikuwa amekaa siku nzima akiyapanga. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumnyamazisha.

"Mfereji ule ni wa tangi la kwanza na la pili," mkaguzi akaniambia. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi ni nafuu kubwa kwetu. Chachu ya kawaida hiyo. Tunanyunyiza kizuizi cha ngano, mianzi yote na mahindi ya hapa chini, kesho kutwa tumemaliza. Kuhusu mzee," akasita, "mtu wa umri wake, bila elimu ya mambo haya. Atapewa onyo. Sidhani kama kuna hakimu atakayemfunga."

Mama Nyagawa akashusha pumzi. "Bwana asifiwe," akasema. "Kumbe kuna dawa."

Yalikuwa yamepangwa vizuri, na kila mtu pale barazani alikuwa amepata afueni. Baba anaonywa, mimi narudi kwenye matangi, uji unaendelea. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Watanyunyiza ngano, watafunga vitabu, na baada ya siku kumi Morogoro watajibu. Kufikia hapo ule mkasi wa baharini utakuwa umeshafika kwenye kila tundu la funza bonde zima, na kutoka hapo upepo na ndege wataupeleka watakako. Mbegu ile mpya ya mahindi ndiyo ilikuwa ya mwisho tuliyokuwa nayo.

"Mama Nyagawa," nikauliza, "wewe chachu ulipata wapi?"

"Si hapa kwa baba yako? Tulichukua wengi. Mimi, kwa Mlowe, kule kwa mchungaji, kwa wakwe zangu. Nyumba kumi na moja ninazozijua mimi."

Nikamgeukia mkaguzi. "Usinyunyize ngano. Haitafanya kitu. Hiyo chachu haikutoka mferejini, imetoka tangi la nne. Niliitoa mimi mwenyewe, kwa kichupa, Jumamosi baada ya Pasaka. Baba anadanganya kunificha. Ina mkasi wa baharini na ngano haiuzuii, nimeshajaribu. Inaingia kwenye hindi lililotobolewa na funza. Hilo pia nimejaribu, na nimelijua kwa siku mbili bila kusema."

Mkaguzi Nkwabi alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Dawa yake ni nini?" akauliza.

"Kwa leo hakuna. Ni kukata mianzi yote ya nyumba hizo na kuichoma, pamoja na mbeta. Na mahindi yaliyo karibu nayo. Leo, kabla mvua haijanyesha. Na tangi la nne lifungwe na kuchemshwa, kwa sababu hatujui wafanyakazi wengine wamebeba nini kwenda makwao."

"Tangi la nne linalisha watu wangapi?"

"Elfu ishirini na saba."

Aliandika namba ile kwenye daftari lake taratibu, kisha akainuka, akaenda pembeni kupiga simu. Tulimsikia akisema "ndiyo mheshimiwa" mara nyingi.

Nikapiga magoti mbele ya Baba. "Nisamehe, Baba. Nilikudanganya kuhusu rafiki wa kijiji cha pili."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu jioni ile ile ilipotoa povu." Alikuwa anaongea kwa hasira sasa, hasira ya kweli. "Nimegema ulanzi miaka hamsini, Twilumba, unadhani siijui harufu ya chachu? Ile ilinuka kiwanda. Ilinuka kama nguo zako. Nikasema mtoto ameharibu, amejitahidi kutengeneza, nitamwambia nini? Watu walipokuja kuomba nikaona nikiwanyima watauliza kwa nini, na nitasema binti yangu msomi ameiua chachu ya mama yake? Nikawagawia. Nikawagawia wote, huku nikijua si yetu."

Akafunika macho kwa kiganja. Sikuwahi kumwona Baba analia, hata siku ya mazishi. Nilibaki pale magotini. Nililokuwa nimelibeba peke yangu siku sita, yeye alikuwa amelibeba tangu Pasaka.

Mkaguzi akarudi. Akasema gari la polisi litanifuata saa kumi, na kwamba tangi la nne wameanza kulichemsha. Akamwambia Baba itabidi awatangulie kwenda nyumba zile nyingine, kwa sababu watu hawatakubali kukata mianzi yao kwa maneno ya mtu wa mjini. Baba akajibu kwamba atakwenda, na atawaambia yote, na sehemu yake pia.

Mama Nyagawa alikuwa bado amekaa mkekani. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Watoto wangu wanakunywa wa tangi lipi?"

"La nne, Mama. Bonde lenu lote ni la nne."

"Na kesho watakunywa nini?"

"Watagawana na wa matangi mengine. Nusu kikombe. Labda pungufu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mahindi yatakayobaki yakomae. Yakikomaa."

Aliinuka, akajifunga khanga yake vizuri kiunoni. Panga la Baba lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alilichukua bila kuomba, akateremka hadi kwenye kichaka cha kwanza, akaanza kukata, na mimi nikamfuata nikawa nabeba alichokata na kukirundika mahali pa kuchomea. Tulifanya kazi hiyo pamoja mpaka saa kumi, na muda wote huo hakunisemesha.